Benzi ya milango miwili ya mwaka 1983: ninunue au niache?

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Mzee mmoja jirani yetu hapa Shanty Town, Moshi, anauza Mercedes-Benz 230 CE ya mwaka 1983, ya milango miwili, usukani kulia, giaboksi otomatiki, kilomita 148,000. Gari linakaa bandani na halinyeshewi. Mzee haliendeshi tena kwa sababu ya macho, ila kila Jumamosi analiwasha kwa dakika kumi. Miaka minne iliyopita alilipiga rangi upya na linang'aa kweli. Anataka shilingi milioni 26. Mimi nimelipenda, lakini mdogo wangu anasema nitakuwa nimenunua mzigo kwa kuwa spea hazipo, na fundi wangu anasema nikilinunua nitoe injini nifunge ya Toyota, kwani mfumo wa petroli wa Benzi za zamani haupatani na petroli ya siku hizi. Gari la kazi ninalo, hili litakuwa la mwisho wa wiki na safari za Arusha. Je, ninunue? Na nikague nini?"

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Umeeleza mambo kwa kina, na maelezo yako yenyewe yana sehemu kubwa ya jibu. Ninavyokuelewa, uzuri wa gari umeshauona na hauhitaji kuthibitishiwa. Unachohofia ni kutoa milioni 26, kisha gari liingie gereji na lisitoke. Hofu hiyo ina msingi, ila wewe, mdogo wako na fundi wako wote mnaitazama injini, wakati injini ya gari hili ndiyo sehemu inayotengenezeka kwa urahisi kuliko nyingine. Kitakachokufilisi ni bodi, ikiwa imeoza chini ya rangi hiyo inayong'aa.

Sababu iko katika historia ya gari lenyewe. Hii ni familia ya W123, ambayo Mercedes-Benz waliitoa mwaka 1976 kwa milango minne, na mwaka uliofuata wakaonyesha ya milango miwili kwenye maonyesho ya Geneva. Aina ya 230 CE ilikuja mwaka 1980 ikiwa na injini ya silinda nne ya cc 2,299 yenye nguvu farasi 136, na uzalishaji wa hizi za milango miwili ukakoma mwaka 1985. Familia nzima ilifikia takriban magari milioni 2.7, lakini ya milango miwili yalikuwa chini kidogo ya 100,000. Weka hesabu hizo mbili kichwani, kwa maana ndizo zinazoamua suala la spea. Injini, giaboksi, breki, miguu ya mbele, boneti na taa za mbele ni zilezile za gari la milango minne, na vifaa vyake bado vinatengenezwa Ujerumani, vinapatikana Nairobi, na vingine utavikuta Dar es Salaam vikiwa vipya au vya mtumba. Milango, vioo vyote, mipira ya madirisha na urembo wa kromu wa pembeni ni vya gari hili peke yake. Umbali kati ya matairi ya mbele na ya nyuma ni mfupi kwa milimita 85 kuliko wa gari la milango minne, na paa limeshushwa, kwa hiyo hakuna fundi atakayekata mlango au kioo cha ile nyingine kikaingia hapa. Mdogo wako, basi, amekosea kuhusu injini na yuko sahihi kabisa kuhusu bodi.

Sasa tazama jinsi bodi hiyo ilivyojengwa. Ukishusha vioo vyote vinne hutaona nguzo katikati ya dirisha la mbele na la nyuma. Uwazi huo ndio uliokuvutia, nami sikulaumu, kwani ni umbo la kupendeza sana. Lakini katika gari la kawaida nguzo ile inashikilia paa na sakafu pamoja, na ikiondolewa kazi yake inahamia kwenye sakafu na kwenye maboksi marefu ya chuma yanayopita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kutu ikila maboksi hayo, gari linapoteza uti wake, linaanza kujipinda kidogo kila linapopanda tuta, na milango inaacha kukaa sawa. Kwa hiyo jaribio lako la kwanza halihitaji kifaa chochote: lisimamishe gari mahali tambarare, shusha vioo vyote, fungua mlango wa dereva hadi mwisho, ushike ncha yake na uunyanyue taratibu. Milango hii ni mirefu na mizito, na bawaba kuchezacheza kidogo ni jambo la umri. Lakini ukiona upenyo kati ya mlango na bodi ni mwembamba juu na mpana chini, au mlango unahitaji kubamizwa ili ufunge, usiendelee kuzungumza bei mpaka gari limetazamwa kwa chini.

Rangi mpya ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote ulichoandika. Sisemi kwamba mzee anaficha kitu, na huenda aliipiga kwa mapenzi tu. Lakini fundi rangi akikuta tundu la kutu, mara nyingi atalijaza puti, atalipiga msasa, atapaka, na kwa miaka mitatu au minne hutaona lolote, wakati huohuo unyevu unaendelea kula chuma kwa ndani. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa laini isikwaruze, kisha ipitishe kwenye matao ya magurudumu, kwenye ncha za chini za milango, kwenye mabawa ya mbele nyuma ya tairi, na kuzunguka kioo cha mbele na cha nyuma. Pale inapovuta kwa nguvu pana chuma. Pale inapoteleza na kudondoka pana puti. Muulize mzee kama ana picha za gari kabla ya kupigwa rangi, na muulize jina la fundi aliyeifanya kazi hiyo. Fundi huyo atakumbuka alichokikuta.

Watu hudhani gari lililokaa bandani Moshi haliwezi kuoza kwa sababu hatuna hewa ya chumvi kama Tanga au Dar. Ni kweli kwamba bara kutu huenda polepole zaidi, na gari lililoishi pwani ningelikagua kwa ukali mara mbili. Hata hivyo, mvua za mlimani si haba, na vumbi letu lina tabia ya kushika unyevu. Chini ya kioo cha mbele kuna mfereji unaopokea maji ya mvua na kuyatoa kupitia matundu madogo. Majani na vumbi vikiyaziba, maji husimama, huingia nyuma ya dashibodi na kulowesha sakafu chini ya kapeti. Nyanyua kapeti pande zote mbili na ubonyeze sponji iliyo chini yake kwa vidole. Ikitoa maji, au ikinuka uvundo, tayari una kazi. Pembe za chini za kioo cha nyuma nazo zina sifa mbaya katika magari haya: mpira ukikauka, maji hupita chini yake yakateremka hadi kwenye buti. Fungua buti, toa tairi la akiba, umulike kitako chake kwa tochi. Tazama pia chini ya betri.

Nakuja kwenye dakika kumi za Jumamosi. Mzee alifanya kwa nia njema, na watu wengi waangalifu hufanya hivyo, lakini desturi hiyo hulidhuru gari zaidi ya kuliacha limezimwa. Injini inapoungua hutoa mvuke wa maji. Ikitembea nusu saa barabarani, oili hupata moto wa kutosha kuuondoa mvuke huo, na sailensa hukauka. Ikiunguruma dakika kumi tu bandani, mvuke huganda ndani ya sailensa na ndani ya injini, na petroli ya ziada inayohitajika injini ikiwa baridi huosha kuta za silinda na kuchanganyika na oili. Wakati huo breki hazijabonyezwa, giaboksi haijabadilisha gia hata moja, matairi yamesimama palepale. Chomoa kijiti cha oili: ikinuka petroli, au kifuniko cha kujazia oili kikiwa na utando mweupe kama maziwa kwa ndani, ujue ndicho kilichotokea. Oili mpya na safari za kweli huponya hali hiyo mara nyingi, kwa hiyo usiogope, ila usikubali kuambiwa kwamba gari lililowashwa kila wiki ni sawa na gari linaloendeshwa.

Athari kubwa zaidi ya kukaa iko kwenye mfumo wa petroli, na hapa nataka kumjibu fundi wako kwa heshima, kwa sababu anachokisema husemwa na mafundi wengi wazuri. Gari hili halina karbureta wala kompyuta. Linatumia mfumo wa Bosch uitwao K-Jetronic, unaofanya kazi kwa mitambo mitupu. Hewa inayoingia kwenye injini husogeza kisahani cha chuma. Kisahani husukuma mkono. Mkono husukuma pini nyembamba ndani ya kigawa petroli. Pini ikisogea hufungua mianya minne midogo, na petroli iliyosukumwa na pampu kwa presha ya karibu bar 5 huenda kwenye nozeli nne bila kukatika. Hewa ikiongezeka, petroli inaongezeka. Ni mfumo wa akili sana, na ukiwa safi hudumu miaka mingi bila kuguswa. Adui zake ni maji, kutu ya tanki na petroli iliyozeeka, kwa kuwa pini ile imechongwa kwa usahihi kiasi kwamba utando mwembamba wa petroli iliyokauka hutosha kuikwamisha. Hapo gari huwaka kwa shida, hutikisika, hutoa moshi mweusi, na fundi asiye na geji ya presha huzungusha skrubu asizopaswa kuzigusa mpaka mambo yanaharibika kabisa. Baada ya hapo ndipo husemwa kwamba mfumo haufai.

Kuhusu petroli ya siku hizi, hofu inatoka kwenye madini ya risasi yaliyokuwa yakichanganywa zamani. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwaka 2006, maana yake Benzi hii imeshatembelea petroli isiyo na risasi kwa miaka mingi mikononi mwa mzee huyohuyo. Vikalio vya vali katika injini yake ni vya chuma kigumu na havitegemei risasi. Kama ingekuwa inaharibiwa na petroli yetu, ingekwisha kuharibika.

Jaribio la mfumo huu linahitaji uvumilivu kuliko utaalamu. Mwombe mzee asiliwashe gari kabla hujafika, ili ulikute baridi kabisa. Gusa boneti uhakikishe. Liwashe, linapaswa kushika ndani ya sekunde chache na kutulia. Kisha liendesheni hadi injini ipate moto vizuri, mlizime, mkae mnywe chai kwa dakika ishirini au thelathini, halafu mliwashe tena. Likikataa, au likizungusha stata muda mrefu kabla ya kushika, presha inavuja baada ya kuzima na petroli inachemka ndani ya mabomba. Kuna chombo kidogo karibu na pampu, chini ya gari kuelekea nyuma, kinachohifadhi presha hiyo. Kikichoka hubadilishwa, na si ugonjwa wa kukufanya uliache gari. Ukinusa petroli mbichi, hilo ni jambo jingine. Zima gari hapohapo, wala lisiendeshwe kwenda gereji, livutwe. Mipira ya petroli yenye umri huu ikipasuka kwa presha ile karibu na injini yenye moto, gari huungua.

Ushauri wa kufunga injini ya Toyota naukataa waziwazi. Naelewa kwa nini unatolewa: fundi anaifahamu injini ile, spea ziko kila kona, na mteja anataka gari litembee. Lakini mikono ya kushikilia injini itakatwa na kuchomelewa upya, shafti itafupishwa au kurefushwa, rejeta haitalingana, geji za dashibodi zitasema uongo, na namba ya injini kwenye kadi italazimu kubadilishwa TRA. Siku ukitaka kuliuza, mtu anayelipenda gari hili kama wewe atafungua boneti, ataona, ataifunga. Na utakuwa umetumia fedha nyingi kuondoa kitu ambacho kusafisha tanki, kubadilisha chujio na kupima presha vingekirudisha kwenye hali yake.

Injini yenyewe ikaguliwe kwa masikio. Hizi za mwanzo zina cheni ya ndani ya safu moja tu, na ikilegea utasikia mlio wa kukwaruza mbele ya injini kwa sekunde kadhaa linapowaka baridi. Ukiupuuza, siku cheni itaruka, vali zitagonga pistoni. Moshi wa buluu unaotoka gari likisimama kwa muda kisha ukikanyaga mafuta huwa ni mipira ya vali, kazi ya kawaida. Moshi wa buluu usiokoma barabarani ni pistoni, na huo ni mjadala wa bei. Giaboksi ibadilishe gia bila kupiga teke. Oili yake, ikipimwa ya moto injini ikiunguruma, iwe nyekundu na isinuke kuungua. Ikipiga teke, usikubali ifunguliwe kabla ya kukagua vipira vyembamba vya hewa vinavyotoka kwenye injini, kwa kuwa giaboksi hii husoma mzigo wa injini kupitia mvuto wa hewa, na kipira cha bei ndogo kilichopasuka huigiza ugonjwa mkubwa. Mvuto huohuo ndio unaofunga milango yote kwa pamoja na kushikilia migongo ya viti vya mbele isilale. Funga milango injini ikiunguruma, jaribu kuukunja mgongo wa kiti, usikunjike; fungua mlango, ujiachie. Ukifanya hivyo na ukakuta bado unafanya kazi baada ya miaka arobaini, utakuwa umejua mengi kuhusu mikono iliyolishika gari hili.

Matairi usiyapime kwa kina cha meno. Tafuta ubavuni namba nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Yakipita miaka kumi yabadilishwe hata kama yanaonekana mapya.

Nyaraka zinastahili uangalifu uleule. Namba ya chesesi imegongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, na inapaswa kuanza na WDB123243. Tarakimu inayofuata ikiwa 2, gari lilitoka kiwandani na usukani wa kulia, na ikiwa 1, lilihamishwa usukani, jambo ambalo ningetaka kulijua kabla ya kulipa. Namba ya injini ianze na 102980. Zote zilingane na kadi halisi, si nakala, na kadi iwe kwa jina la mzee mwenyewe. Polisi wa usalama barabarani wakulinganishie namba, mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, na uhamisho wa umiliki TRA ufanyike wakati mzee yupo na ana nguvu. Kwa kuwa ni jirani na ni mtu mzima, nakuomba pia mke wake na watoto wake wajue mauzo hayo na mmoja wao asaini kama shahidi. Nimeona gari zuri likikaa polisi miezi mingi kwa sababu watoto walirudi nyumbani wakakuta baba ameuza bila wao kujua.

Je, milioni 26 ni haki? Ikiwa bodi ni nzima, vioo na mipira ipo yote, na namba zinalingana, singelishangaa bei hiyo wala singekuzuia, alimradi baada ya kulipa uwe umebaki na theluthi moja ya kiasi hicho, yaani milioni nane au tisa, kwa kazi za mwaka wa kwanza. Huna akiba hiyo? Subiri, au mwombe mzee apunguze. Ikiwa maboksi ya chini ya milango yameshachomelewa viraka, usilinunue hata kwa nusu ya bei, kwa sababu hutapata bodi nyingine ya kuhamishia vitu vyako. Na ungekuwa huna gari jingine, ningekushauri utafute W123 ya milango minne: utaupata ulaini uleule wa safari, watoto watapanda nyuma bila kukunja viti, na mlango ukigongwa utapatikana mwingine.

Kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, mlipe fundi bodi mmoja na fundi mmoja mwenye geji ya kupima presha ya K-Jetronic, wawili tofauti, walipandishe gari kwenye shimo mchana kweupe na walitoboetoboe kwa bisibisi pale chini. Asiye na geji hiyo asiguse mfumo wa petroli. Kama Moshi hutampata, Arusha ulizia gereji zinazohudumia Benzi za zamani, na umlipe fundi nauli aje. Ni nafuu kuliko kulipeleka gari usilolijua. Moshi iko mita 800 hadi 900 hivi juu ya usawa wa bahari na Arusha ni karibu mita 1,400, kwa hiyo mchanganyiko wa hewa na petroli upimwe na kurekebishwa hapo Moshi linapolala, si kule.

Ukishalinunua, oili zote, maji ya rejeta, mafuta ya breki, mipira ya breki, mipira ya petroli, chujio na matairi vitangulie mambo ya redio na viti. Liendeshe Moshi mjini na Himo kwa wiki chache, nusu saa au zaidi kila mara, ukitazama geji ya joto na sakafu ya banda kila asubuhi kama pana tone, ndipo ulipeleke Arusha.